Finali ya Singa

Mwezi uliopita nilipeleka pasi kwa fundi. Nilimkuta ameinamia televisheni ya zamani, zile za chogo, ameifungua mgongo na kuiwasha ili aone kasoro iko wapi. Vumbi la miaka mingi lililolala juu ya nyaya likaanza kupata moto, na harufu yake ikanifikia mlangoni: harufu kavu, kali kidogo, kama nywele zilizogusa jiko. Viganja vyangu vikalowa jasho. Fundi aliinua kichwa akaniuliza, "Mama, unajisikia vibaya?" Nikamjibu kwamba ni joto tu. Nilikuwa nimeogopa, na hofu ile ilikuwa ya mtoto wa miaka tisa. Niliiacha pasi yangu pale nikatoka nje kupumua.

Wenzangu tuliokua pamoja Kalemie, mji wetu wa kando ya ziwa, wanaijua harufu hiyo. Kule Kataki, mtaani kwetu, nyuma ya nyumba ya Papa Salumu, kulikuwa na chumba ambacho sisi watoto tulikiita sale, yaani ukumbi. Papa Salumu alitoka katika familia za zamani za biashara ya ziwa, na televisheni pamoja na mashine ya mchezo alizileta mwenyewe kwa meli kutoka Kigoma, zimefungwa ndani ya godoro. Dirisha aliliziba kwa bati ili mwanga wa nje usifute picha. Mlangoni lilining'inia pazia la kitenge. Ukiingia, televisheni ilikuwa kushoto kwako na mabenchi mawili kulia, na juu ya mabenchi watoto kumi na watano waliobanana kama vidole vya ndizi. Moto, yaani umeme wa bwawa la Bendera, ukiwepo, tulicheza. Moto ukikatika, tulikaa mle mle gizani tukiusubiri, kwa sababu aliyesimama alipoteza nafasi yake.

Tulichokifuata kilikuwa mchezo mmoja wa kupigana. Waliotengeneza mchezo huo walikuwa wamechukua wapiganaji kutoka michezo mingi mbalimbali na kuwakutanisha katika uwanja mmoja: askari, wanawake wenye panga, wazee wenye fimbo, na wanyama. Watu hatukuwajali. Tuliwataka wanyama. Majina yao yaliandikwa kwa herufi ambazo hata Papa Salumu hakuweza kuzisoma, basi tuliwabatiza wenyewe kwa vitu tulivyovijua. Mnyama mnene mwenye gamba la jiwe tulimwita Kinu. Ndege mwenye mabawa ya chuma alikuwa Bundi. Na yule mrefu, mweusi, anayeteleza, mwenye sharubu nne pembeni mwa mdomo, alifanana na samaki asiye na magamba ambaye wavuvi wa kwetu humtoa chini ya mawe. Tulimwita Singa, kama huyo samaki.

Kila mnyama alikuwa na pigo moja la mwisho, kubwa kuliko yote, lisilotoka mpaka kipimo cha njano chini ya picha kijae. Tuliliita finali, kwa sababu liliumaliza mchezo wote, hata kwa aliyekwisha kupoteza duru. Finali ikitoka, uwanja wote ulisimama. Mpinzani hakuweza kusogea, vitufe vyake havikusikia, na picha ikaanza kusimulia yenyewe kama sinema. Kinu alipanda mpaka nje ya picha, kimya kikatawala, kisha akashuka na kumtwanga mwenzake mara saba. Bundi alifunika mwezi kwa bawa moja, na manyoya ya chuma yakaanguka kama mvua ya visu.

Mimi nilikuwa naandika. Nilikuwa na daftari la shule ambalo kurasa zake za nyuma niliziweka kwa ajili ya wanyama, kila mnyama ukurasa wake: vitufe gani, kwa mpangilio gani, finali inaanzaje, inaishaje, nini kinabaki. Watoto walipobishana, walinigeukia mimi. Hakuna aliyenituma. Nilipenda tu kitu kikishaonekana kiandikwe kabla watu hawajaanza kukiongezea chumvi.

Ukurasa wa Singa naukumbuka mpaka leo. Niliandika hivi: Anazama chini ya ardhi. Picha inakuwa nyeusi. Kimya. Kichwa kinapanda polepole mpaka kinajaza televisheni nzima, rangi ya kijani. Macho meupe. Anafungua mdomo, ndani ya mdomo kuna mdomo mwingine, ndani ya huo kuna wa tatu. Anameza. Anatema mifupa. Chini yake nilipiga mstari na kuandika: Usiangalie wakati wa kula.

Nyumbani, mimba ya Mama ilikuwa imefika mwezi wa saba. Papa, baba yangu, alifanya kazi Kabimba kwenye kiwanda cha saruji, akirudi mara moja kwa mwezi na unga mweupe kwenye nyusi ambao haukutoka hata kwa sabuni. Kwa hiyo sheria za nyumba zilikuwa mikononi mwa Nkambo, bibi yangu mzaa Mama, aliyeshuka kutoka pwani ya kaskazini ya ziwa kuja kumsubiri mtoto.

Sheria ya kwanza ya Nkambo ilikuwa kwamba mwenye mimba haangalii kitu kibaya, kwa maana mtoto aliye tumboni hufuata umbo la kile mama yake alichokiona kwa mshtuko. Samaki waliingia jikoni wakiwa wamekatwa vichwa tayari. Singa hakununuliwa kabisa. Mbwa mmoja mwenye vidonda puani alikuwa anapenda kulala kwenye kivuli cha ukuta wetu. Nkambo alimfukuza kwa mawe kila asubuhi kama anayefanya kazi ya kuajiriwa. Mtaani kulikuwa na kijana aliyezaliwa na mdomo wa juu uliopasuka, na Nkambo alinieleza kwamba mama yake aliangalia sungura akitafuna. Sikuona sababu ya kubisha. Mdomo wenyewe niliuona kwa macho yangu kila siku nikienda shule.

Dawa ilikuwepo, tena nyepesi. Aliyemwonyesha mwenye mimba kitu kibaya alitakiwa kukisema kwa kinywa chake siku ileile, kabla jua halijazama, kisha ateme mate chini mbele yake.

"Ukisema, kintu kinabakia inje," Nkambo alinifundisha huku akichambua mboga. "Ukinyamaza, kinaingia. Mutoto anakibeba."

"Na ukisema kesho yake?"

"Kesho yake unasema bure. Jua limekwisha kukifunga."

Niliyasikia vizuri. Mambo ya mpangilio wa namna hiyo, kwanza hiki, halafu hiki, yalinikaa kichwani.

Kule sale nilikatazwa kwenda. Nilikuwa namwambia Mama nipo kwenye mazoezi ya kwaya ya watoto, na uongo huo ulikuwa umedumu tangu mvua zianze. Siku ninayoisimulia ilikuwa mchana, jua kali, moto upo tangu asubuhi. Djuma alikuwa ameketi na maneti, kile chombo cha vitufe, mkononi, amewatoa watoto sita mfululizo. Djuma alikuwa jirani yetu, ana miaka kumi na miwili, na ulimi wake ulipiga kuliko vidole vyake.

"We mwandishi," aliniambia mbele ya wote, "unaandika tu, unaandika tu. Kamata maneti, tuone kama kalamu yako inapigaka."

Watoto wakacheka. Nikashuka benchi la nyuma nikaketi karibu naye.

"Nakamata Singa," nilisema.

"Singa? Weye? Singa atakulalia mukononi kama samaki ndakala ya jana!"

"Muchezeshe vidole, mudomo muache," Papa Salumu alisema kutoka kwenye kiti chake pembeni mwa mlango.

Djuma alimchukua Kinu. Alinipiga vibaya. Duru ya kwanza niliipoteza kabla sijapata pumzi, na ya pili nilikuwa nimebakiwa na uhai mwembamba kama uzi pale kipimo changu kilipojaa. Vitufe nilivijua kwa kuandika. Chini, nyuma, chini, mbele, halafu viwili kwa pamoja, kidole gumba kisitetemeke. Hakikutetemeka. Picha ikawa nyeusi.

Chumba kizima kikanyamaza, kama nilivyoandika. Kisha kichwa cha Singa kikaanza kupanda, ukijani ukatumwagikia usoni, na mimi nikainuka kwenye benchi bila kujua, mwili wote umekaza, napiga kelele sijui nasema nini. Mdomo wa kwanza ulipofunguka, pazia la kitenge likasogezwa.

Tumbo la Mama liliingia kwanza, kisha Mama mwenyewe. Alisimama hatua moja ndani, kwenye ukingo wa mwanga, uso wake wa kijani. Nilimwona akitoa macho. Mkono mmoja ulikwenda mdomoni, wa pili ukashika tumbo kwa chini, na akatoa sauti ndogo kama ya mtu aliyekanyaga mwiba. Nyuma ya sauti yake nilimsikia Singa akimeza, kisha mifupa ikianguka. Nilikuwa nimeshinda. Hakuna aliyeshangilia.

"Toka," Mama alisema.

Sikuburutwa, sikupigwa. Tulitembea mpaka nyumbani yeye mbele mimi nyuma, mkono wake ungali tumboni. Sikuulizwa habari ya kwaya. Uani, Nkambo alituangalia wote wawili.

"Mumetoka wapi na sura ile?"

"Nilimukuta kwa njia," Mama alijibu, akaingia kulala.

Kwa Mama, ambaye hakuwahi kudanganya hata kuhusu chumvi iliyozidi, jibu hilo lilinimaliza. Nilielewa kwamba kitu kilikuwa kimempata, na kwamba yeye mwenyewe anaogopa kukitaja. Basi ilibaki kazi yangu.

Kwetu Kalemie jua hutoka ziwani na kuzama nyuma ya vilima, na likishagusa vilima huenda upesi. Nilikaa kwenye kizingiti nikiwa nimelielekea. Maneno nilikuwa nayo tayari: Mama, nilikuonyesha Singa. Kisha mate. Lakini kusema Singa kulikuwa kusema sale, na kusema sale kulikuwa kusema kwaya, na kwaya ilikuwa miezi mitatu. Mara tatu niliinuka nikafika mlango wa chumba chake. Mara ya tatu nilimkuta amelala ameelekea ukutani, nikarudi. Nilipoketi tena, juu ya vilima palikuwa na wekundu tu. Niliutemea mate udongo, peke yangu, nikijua kabisa kwamba hayana kazi.

Siku zilizofuata niliishi kama mtu aliyemeza sarafu na anasubiri. Nilifungua ule ukurasa wa Singa na kuusoma upya, na sasa kila mstari ulikuwa unazungumza habari za ndugu yangu. Sharubu nne. Macho meupe. Midomo mitatu. Nilijiuliza mtoto mwenye midomo mitatu ananyonya kwa upi. Nilijiuliza kama Papa, akirudi kutoka Kabimba, atakubali kumbeba. Nilijiuliza kama watu huwaacha watoto wa namna hiyo waishi, na swali hilo sikumuuliza mtu yeyote.

Mama alianza kunywa maji mengi, vikombe vitatu kwa mfululizo. Adhuhuri akilala, nililiangalia tumbo lake likisogea upande mmoja kama kitu kinachojigeuza chini ya matope. Kisha alirudi kutoka kliniki, akaketi kwenye mkeka, akamwambia Nkambo kwa sauti ya chini, lakini mimi sauti za chini ndizo nilizokuwa nazisikia vizuri zaidi:

"Wamesema amekaa vibaya. Kichwa kiko juu."

"Juu? Mpaka sasa?"

"Mpaka sasa. Kinapanda tu."

Kichwa kinapanda. Nilikuwa nimeyaandika maneno hayo kwa kalamu yangu.

Nilimtafuta Djuma. Sale sikuenda tena, lakini nilimvizia kwenye bomba la maji, ana ndoo mbili za mama yake.

"Djuma, finali ya Singa inazuiwa namna gani?"

"Haizuiwi."

"Hata ukiruka?"

"Ukiruka anakulia palepale juu. Nilishajaribu." Akaweka ndoo chini. "Ju ya nini unauliza? Ulinipiga, sasa unanionea huruma?"

"Na kama yule mwenye kuitupa anajuta?"

Djuma aliniangalia kwa muda mrefu, akitafuta kama namchezea.

"Kujuta! Maneti haiko na kitufe ya kujuta, dada. Ukishaitupa, njo basi."

Nikaamua kupigana kwa namna nyingine. Kama kibaya kiliingia kwa macho, labda kizuri kingeingia kwa njia ileile na kukisukuma. Nilibandua karatasi ya kopo la maziwa yenye picha ya mtoto mnene, nikaibandika ukutani karibu na mto wa Mama. Kesho yake nikaihamishia jikoni. Siku ya tatu nikaiweka kwenye mlango wa choo.

"Mutoto huyu ananifuata," Mama alisema. "Kila nikigeuka yeye. Anataka nini?"

"Umuangalie tu, Mama."

"Nimemuangalia. Amekula kunishinda." Akacheka, na kucheka kwake kukakatwa katikati na maumivu ya mgongo. Akaniangalia kwa namna ambayo alikuwa ameianza siku zile, ya kunipima kutoka mbali, kama mtu anayejaribu kukumbuka amekuona wapi. Nikainamisha kichwa.

Uchungu ulimshika asubuhi, tunafagia uani. Nkambo alimwita mwenye pikipiki wa jirani, akampandisha Mama katikati, yeye mwenyewe akakaa nyuma amemkumbatia, na pikipiki ikaenda polepole kama mtu anayebeba mayai. Mimi nilikimbia nyuma na beseni lenye vitenge. Nilipofika hospitali, Mama alikuwa amekwisha kuingizwa ndani.

Tulikaa uani, kwenye saruji, pamoja na familia nyingine zilizopika uji na kufua. Saa zikapita. Mganga mmoja kijana alitoka akasema kwamba mtoto anatanguliza matako, hawezi kupita, watampasua Mama. Alisema vizuri, kwa upole, na Nkambo alimjibu, "Ndiyo, Munganga," kama anayekubali bei. Mganga alipoondoka, niliona vidole vya Nkambo vinavuta nyuzi za kitenge moja moja.

Hapo nikashindwa. Nilidhani kwamba nikinyamaza tena, safari hii atakufa Mama.

"Nkambo, ni mimi," nilisema. "Nilimuonyesha Mama kintu. Sikusema mbele ya jua kuzama."

Nikamweleza yote kwa mpangilio: sale, uongo wa kwaya, Kinu, kipimo kilichojaa, pazia. Nilitegemea anipige. Nilitumaini zaidi kwamba atanicheka, aseme hayo ni mambo ya televisheni, hayana nguvu. Hakufanya lolote kati ya hayo.

"Kilikuwa na sura gani?" aliniuliza.

Nikamsomea ukurasa wote kutoka kichwani. Nilipofika kwenye mdomo wa tatu alifumba macho.

"Jua limezama mara ngapi tangu siku ile?"

"Mara arobaini na mbili."

Alivuta kitenge chake akajiziba mdomo. Mpaka dakika ile nilikuwa nimeogopa peke yangu, na mtoto anayeogopa peke yake huwa bado ana matumaini kwamba mkubwa akijua, mambo yatakwisha. Sasa mkubwa alijua, na alikuwa anaogopa kama mimi.

"Usiseme tena kwa muntu," aliniambia. "Hata kwa Papa yako. Akitoka vile anatoka, tutamulea. Umesikia? Tutamulea." Alinishika kifundo cha mkono, akakibana mpaka kikauma, na hakukiachia.

Muuguzi alipokuja, jua lilikuwa linaelekea vilima.

"Famille ya mama aliyepasuliwa?"

"Njo siye," Nkambo alisema, akasimama na mimi nikiwa bado nimeshikwa.

"Mutoto mwanaume. Mama naye ameanza kuamuka."

"Muzima?"

"Analia, Nkambo. Ametuchosha masikio."

"Sikuuliza kama analia. Nimeuliza kama muzima."

Muuguzi akashangaa kidogo. "Kuya uone mwenyewe."

Ndani kulikuwa na vitanda sita. Mama alikuwa kwenye kile cha dirishani, macho nusu, midomo imekauka. Mtoto alikuwa amefungwa pembeni yake. Nkambo hakumsalimu Mama. Alimchukua mtoto, akampeleka kwenye mwanga, akafungua kitenge chote. Alihesabu vidole vya mikono na vya miguu. Alimgeuza akapapasa mgongo kwa kiganja. Alinyanyua kope moja, kisha ya pili. Halafu akaingiza kidole mdomoni, akakizungusha ndani, chini na juu, taratibu, kama anayetafuta mwiba ndani ya samaki wa kumlisha mtoto. Mtoto alipiga kelele. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya mgongo wa Nkambo, sina nguvu ya kuchungulia, nahesabu pumzi zake.

"Ni mumoja," alisema mwishowe. "Mudomo ni mumoja."

"Mulitaka ingapi?" muuguzi aliuliza, na wanawake wa vitanda vingine wakacheka.

Nikakaa chini kando ya kitanda. Nililia mpaka Mama akageuza kichwa.

"Unalia nini? Sikufa."

"Mama," nilisema, "siku ile. Ulimuona?"

"Nani?"

"Ule nyama. Kwa Papa Salumu. Kwa televisheni. Ulishika tumbo."

Alifumba macho. Nilidhani amelala tena. Kisha akasema, polepole, kwa sauti ya mtu ambaye dawa bado haijamtoka:

"Nyama gani? Mimi sikuangalia televisheni. Niliingia nakutafuta, mule ndani giza, na mwanga wote ulikuwa juu ya uso wako. Niliangalia weye tu." Akalamba midomo. "Meno yote inje. Macho yametoka. Unapiga kelele ya kuua muntu. Nikasema, Mungu wangu, huyu ni nani? Ni mutoto wangu huyu? Ni weye nilikuogopa."

Nikafuta machozi kwa ukingo wa shuka lake.

"Njo maana sikukuuliza kintu," Mama aliendelea. "Sikujua naanzia wapi."

Nkambo alikuwa ameyasikia yote. Alisimama na mtoto mikononi, akamwangalia mtoto, akaniangalia mimi, akarudi kwa mtoto, bila haraka, kama mnunuzi anayelinganisha vipande viwili vya kitenge kuona kama vimetoka jora moja. Paji lilikuwa jembamba kama langu. Nyusi zilikutana katikati kama zangu. Mtoto akakunja uso, akafungua kinywa chake kimoja chote mpaka ufizi ukaonekana, akalia kwa hasira ya mtu aliyechelewa kuambiwa jambo.

"Basi," Nkambo alisema. "Kama kuna kintu alibeba, alibeba weye." Akanipa nimshike.

Sasa mdogo wangu ni kijana, ananizidi kimo. Akipita sokoni, wanawake ambao hawajawahi kumwona humsimamisha na kumtajia jina langu: wewe si mdogo wake yule? Yeye hufurahi, hunipigia simu kunieleza. Husema watu wote wanadai amechukua uso wangu kama ulivyo. Namwambia ni kweli, tunafanana sana. Sijawahi kumwambia ni uso wangu upi.